Usitazame Ndoo, Mtazame Ng'ombe

Kuna uamuzi ambao sote huufanya siku moja, uwe mkulima, mwajiri, kocha au mzazi. Ni uamuzi wa kumwacha aliyekuwa tegemeo lako kwa sababu siku hizi hakufai. Ukimwacha mapema, kesho atang'aa mikononi mwa mwingine nawe ubaki ukijiuma vidole. Ukimshikilia mno, atazama pamoja nawe. Mimi nimeyafanya makosa yote mawili, tena katika jambo ambalo ukilisikia utacheka. Nimeyafanya katika mchezo wa kubuni. Cheka upendavyo, lakini nakuomba usome hadi mwisho.

Naishi Lowell, mji wa viwanda vya zamani katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka Boston. Wakenya tumejaa hapa, na wengi wetu tunafanya kazi ya kuwatunza wazee. Nilifika mwaka wa 2003 nikiwa peke yangu. Mwanangu wa pekee nilimwacha Murang'a kwa nyanya yake akiwa na umri wa miaka 5, nikamwahidi kwamba ningemchukua baada ya mwaka mmoja. Mwaka mmoja ukawa minne. Alipofika mwaka wa 2007 alikuwa na miaka 9, hatujuani vizuri, na hatukuwa na la kuzungumza ila chakula na shule.

Kilichotupatanisha ni besiboli. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo timu ya Boston, Red Sox, ilitwaa ubingwa wa Marekani, na mji mzima ukawa hauna habari nyingine. Kijana wangu akampenda mchezaji mmoja mnene, mcheshi, aitwaye David Ortiz, ambaye mashabiki humwita Big Papi. Nilipomuuliza kwa nini yeye, alinijibu, "Mama, hata yeye alitoka mbali, na Kiingereza chake si cha hapa." Kweli, Ortiz ni mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika.

Hebu nieleze kidogo kwa asiyeujua mchezo huu. Mrushaji anatupa mpira kwa kasi, na mpigaji mwenye gongo anajaribu kuupiga. Akiupiga ukaanguka mahali ambapo hapana mtu wa kuudaka, akafika salama kituo cha kwanza, hilo ni pigo salama. Akiupiga ukaruka uzio wa uwanja, hiyo ni homurani, sherehe kubwa kuliko zote. Akikosa mara tatu, anarudi kuketi. Neno la kushika ni hili: mpigaji anayefaulu mara 3 katika kila zamu 10 ni bingwa. Maana yake ni kwamba hata bingwa hushindwa mara 7. Ni mchezo wa watu waliozoea kushindwa, na ndiyo sababu ni vigumu kujua ni lini kushindwa kumevuka mpaka.

Sasa, mchezo wa kubuni. Vijana wetu nyumbani wanaijua fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza: unachagua wachezaji halisi, wakifunga kweli uwanjani, wewe unapata alama. Wamarekani walikuwa na yao ya besiboli zamani. Mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake waliianza msimu wa 1980, wakaipa jina la mkahawa wa Kifaransa wa New York waliokuwa wakila, La Rotisserie Française. Siku hizo walipiga hesabu kwa mkono kutoka magazetini. Siku hizi kompyuta hufanya yote.

Mwaka wa 2009 wenzangu kazini walianzisha ligi ya watu 10, kila mmoja akitoa dola 20. Kijana, akiwa na miaka 11, alinisihi nijiunge, naye awe naibu wangu. Kila Jumapili jioni, kabla sijaenda zamu ya usiku, tuliketi mezani jikoni tukapanga timu. Sitakuficha, msomaji: hizo ndizo saa nilizomjua mwanangu. Na mtu wa kwanza tuliyemchagua alikuwa, bila shaka, David Ortiz.

Haikuwa hovyo. Mwaka wa 2006 Ortiz alikuwa amepiga homurani 54, ambazo hakuna mchezaji wa Red Sox aliyewahi kuzifikia kwa msimu mmoja. Mwaka wa 2007 alipiga 35. Mwaka wa 2008 aliumia kifundo cha mkono, akakosa karibu miezi miwili, na bado akapiga 23.

Msimu wa 2009 ukaanza Aprili, na Papi akawa kama mtu aliyesahau kazi yake. Aprili ikapita bila homurani hata moja. Mei ikaingia, hali ni ile ile. Meneja wake, Terry Francona, alimpumzisha siku kadhaa, kisha akamteremsha katika orodha ya wapigaji. Homurani yake ya kwanza ilikuja tarehe 20 Mei. Usiku ule tulirukaruka jikoni mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Tukadhani mvua imeanza. Kumbe lilikuwa tone moja tu. Mwezi ulipokuwa ukiisha, alikuwa hafikishi hata mapigo salama 2 katika kila zamu 10.

Jumapili ya tarehe 31 Mei nilikuwa nimefanya zamu mbili mfululizo. Ligini tulikuwa wa tisa kati ya kumi. Mwenzangu mmoja alinitania mbele ya watu kwamba nimebeba maiti mgongoni nikidhani ni mtoto. Wakati wa mapumziko, saa nane za usiku, nilifungua kompyuta ya chumba cha wafanyakazi, nikabonyeza mahali pa kumwacha, nikabonyeza mahali pa kuthibitisha. Nikahisi nafuu, msomaji, nafuu kama ya mtu aliyempiga kofi aliyemkosea. Mpishi wetu alimwokota Ortiz mara tu sheria za ligi zilipomruhusu.

Kijana aligundua mwenyewe. Hakulia wala hakunifokea. Alikuja na karatasi yake ya kupangia timu, akaniuliza kwa upole, "Mama, alikosa mara ngapi ndipo ukamwacha?"

Nikaanza kueleza habari za alama na nafasi ya tisa. Kisha nikanyamaza. Ndani ya mkoba wangu ilikuwamo barua kutoka kwa mwalimu wake, iliyosema kwamba kusoma kwake kuko nyuma mno na huenda akarudia darasa. Alijua barua ile imo. Na nyuma ya barua ile ilikuwako miaka minne ya Murang'a. Mtoto hakuwa akiniuliza habari za besiboli.

Nilimpigia mama yangu simu kutafuta mtu wa kunisikiliza. Alinicheka kwanza, mtu mzima kuomboleza mpira wa watu. Kisha, kwa kuwa ni mfugaji, akaniuliza, "Ng'ombe wangu akipunguza maziwa, mimi hufanya nini? Humwita mchinjaji?"

"Hapana, Mama."

"Asubuhi ya kwanza simtazami ndoo, namtazama ng'ombe. Amekula? Ana kupe? Ana mimba? Kiwele kina joto? Au ni mzee? Ndoo itaniambia kwamba maziwa yamepungua tu. Haiwezi kuniambia kwa nini. Wewe ulitazama ndoo."

Naam, nilikuwa nimetazama ndoo. Na ng'ombe yule hakuwa amekauka. Juni Papi alianza kuurusha mpira nje ya uzio tena, na hakuacha. Alimaliza msimu akiwa na homurani 28, na 27 kati ya hizo alizipiga baada ya ile Jumapili yangu ya Mei. Aliwaingiza wachezaji 99. Mwaka uliofuata, 2010, Aprili ilikuwa mbaya vilevile, watu wakamzika mara ya pili, naye akamaliza na homurani 32. Alicheza hadi 2016, akastaafu akiwa na homurani 541, na mwaka wa 2022 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli.

Jambo moja nililisoma baadaye likanichoma zaidi. Mwishoni mwa mwaka wa 2002 timu yake ya awali, Minnesota Twins, ilimwacha aende zake. Watu wenye kazi hiyo, wenye macho ya kazi hiyo, walimtazama wakaona hawamhitaji. Boston ikamchukua mwezi wa kwanza wa 2003. Kwa hivyo si mimi peke yangu niliyekosea kumhusu Ortiz, ingawa hilo halikunifariji mezani jikoni.

Je, ningewezaje kujua? Nimelifikiria swali hilo miaka mingi, nami nitakupa niliyojifunza, kwani yanafaa pia kwa fantasi ya kandanda.

Swali la kwanza ni muda. Mwezi mmoja wa besiboli ni zamu 100 hivi za kupiga, na msimu mzima ni zamu 500 au 600. Zamu 100 ni chache. Tupa sarafu mara 10 na unaweza kupata kichwa mara 3 tu bila sarafu kuwa na kasoro. Mpigaji vilevile. Mpira ukishapigwa ukabaki ndani ya uwanja, kwa kawaida karibu 3 kati ya 10 hupata nafasi ya kuanguka salama. Kuna wiki ambazo mtu anaupiga kwa nguvu na kila mpira unakwenda moja kwa moja mikononi mwa mdakaji. Huyo hajashuka. Ana bahati mbaya, na bahati haina cheti cha kudumu.

Swali la pili ni namna anavyoshindwa. Anaupiga ukadakwa, au haugusi kabisa? Anayezidi kuukosa mpira mwezi baada ya mwezi ana ugonjwa ambao bahati haitautibu.

La tatu ni mwili. Je, kuna jeraha linaloeleza hali yake? Ortiz alikuwa ametoka kuumia kifundo cha mkono, na mpigaji hufanya kazi kwa kifundo. Jeraha hupona. Uzee haupo katika orodha ya magonjwa yanayopona.

La nne ni meneja wake. Francona alimteremsha, lakini aliendelea kumchezesha. Mtu anayemwona kila siku mazoezini akiendelea kumpa zamu, huenda anajua usilolijua. Akimketisha moja kwa moja, fungua macho.

La tano, nani atachukua nafasi yake? Usimwache mtu kwa sababu amekuudhi, mwache kwa sababu umepata aliye bora. Mimi nilipomwacha Papi nilimchukua kijana mmoja ambaye sasa hata jina lake silikumbuki. Na zaidi ya hayo, benchi ipo. Ningeweza kumketisha wiki mbili bila kumpoteza. Kati ya kumchezesha na kumtupa kuna benchi, nami usiku ule sikuiona kwa sababu nilitaka kuadhibu.

Laiti kisa kingeishia hapo, ningekwambia uvumilie daima, tuagane kwa methali ya mvumilivu na mbivu. Lakini nilikwisha kukuahidi makosa mawili.

Mwaka wa 2018 ligi yetu ilikuwa hai bado. Kijana alikuwa na miaka 20, yuko chuoni, na Jumapili jioni tulipanga timu kwa simu. Mwaka huo nilimchagua Chris Davis wa Baltimore Orioles. Alikuwa mtu wa nguvu za ajabu. Alipiga homurani 53 mwaka wa 2013 na 47 mwaka wa 2015, na mapema 2016 Baltimore ikampa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 161. Lakini tangu hapo alikuwa akiteremka ngazi: 38, kisha 26.

Msimu ulipoanza alikuwa hapigi. Kijana akaniambia Mei, "Mama, mwache huyu." Nikamwambia asubiri. Juni timu yake yenyewe ikamketisha zaidi ya wiki nzima. Kijana akasema tena. Nikamwambia, "Unakumbuka Ortiz?" Julai nikasema hivyo hivyo. Tukawa wa kumi kati ya kumi, na mimi nikijiona mwaminifu.

Jumapili moja ya Agosti alikuja nyumbani, akaketi pale pale mezani, akaniuliza maswali ya nyanya yake moja baada ya jingine. Muda? Si mwezi tena, ni miaka mitatu ya kuteremka. Anashindwaje? Haugusi mpira. Jeraha? Hakuna linaloeleza hali ile. Meneja? Amekwisha mketisha. Yupo mwingine wa kuchukua? Wapo kumi. Nikabaki sina jibu.

Ndipo akasema, "Mama, hujamweka Davis kwa sababu ya Davis. Umemweka kwa sababu yangu."

Msomaji, nilitazama dirishani. Alikuwa amesema kweli. Miaka tisa nilikuwa nikilipa deni la usiku mmoja, na labda deni la miaka minne ya Murang'a, kwa kumbeba mpigaji wa Baltimore asiyenijua. Kijana akanishika mkono, akasema kwamba yale yalikwisha zamani, siku nilipofunga safari kwenda kuonana na mwalimu wake. Hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa. Mwezi wa Juni 2009, nilipotoka kazini asubuhi, sikwenda kulala. Nilikwenda shuleni, nikaketi kwenye kiti cha watoto, nikaomba anieleze kijana wangu anashindwa wapi hasa. Tukagundua kwamba alikuwa akisoma vizuri kimya kimya, ila aliogopa kusoma kwa sauti kwa kuchelea kuchekwa matamshi. Hakurudia darasa.

Kumbe nilimtazama ng'ombe siku ile, bila kujua kwamba ndilo jibu la swali lake.

Davis nilimwacha jioni hiyo. Alimaliza msimu kwa wastani wa mapigo salama 168 katika kila zamu 1,000, wastani wa chini kabisa katika historia ya ligi kuu ya besiboli kwa mchezaji aliyecheza vya kutosha kuhesabiwa. Na mapigo yakakauka kabisa: kuanzia Septemba 2018 hadi Aprili 2019 alipitia zamu 54 mfululizo bila pigo salama hata moja, rekodi ambayo hakuna anayeitamani. Ilivunjika tarehe 13 Aprili 2019, tena hapa kwetu Boston, katika uwanja wa Fenway. Tuliitazama kwenye televisheni. Alipata mapigo matatu siku hiyo na timu yake ikashinda. Kijana alinitazama kwa jicho la pembeni, akacheka, "Usimchukue, Mama!" Nami sikumchukua. Nilimpigia makofi tu. Siku moja njema haikuwa dawa, kama vile Aprili moja mbaya haikuwa kifo cha Ortiz. Davis alistaafu mwaka wa 2021.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Kosa langu la kwanza lilikuwa hasira, na la pili lilikuwa majuto, na yote mawili yalitazama nyuma. Nilimwacha Ortiz ili nimwadhibu kwa yaliyopita, nikamshikilia Davis ili nijisafishe kwa yaliyopita. Lakini alama zilizopotea Aprili hazirudi, umwache mtu au usimwache. Wala nafasi uliyotumia kumchagua hairudi. Swali ni moja tu: kuanzia kesho, huyu atanipa nini kuliko yule? Lijibu mchana, ukiwa umelala vya kutosha, na kama mnamiliki timu wawili, lijibuni wawili.

Hayo ni ya wachezaji wa kubuni. Ukimwacha Ortiz, yeye hana habari. Mtoto, mume, mke au mfanyakazi wako ana habari, tena anahesabu. Ataona unavyowatupa wengine na kujiuliza zamu yake ni lini. Kwa hivyo nyumbani sisemi usiamue, kwani yapo mambo na watu wa kuachwa. Nasema kabla hujaamua, weka ndoo chini, uinue taa, uende zizini.

Mama yangu bado yuko Murang'a na ng'ombe wake. Mjukuu wake, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake, humpigia simu kila Jumapili. Nasikia siku hizi humuuliza kwanza, "Nyanya, wangapi wanakamwa?" Kisha hunipigia mimi, tukapanga timu.